Kichwa kina kitu hukielewi na hofu haikuachi: upige picha, ubaki na daktari mmoja, ushauri nasaha au dawa?

Kuna watu wengi tu wanakwambia "siumwi kichwa, ila kuna kitu kichwani," na ukiuliza kitu gani wanashindwa kukieleza. Mmoja atasema kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi, mwingine maji ya moto yanamwagika utosini, mwingine kama amefungwa kamba kuzunguka paji la uso, mwingine kichwa chepesi mpaka akitembea anahisi anaelea, na wapo wanaoshtuka wakiwa ndo wanaanza kusinzia kwa sababu wamesikia mlipuko ndani ya kichwa ambao aliyelala pembeni hajausikia. Wamepima malaria hakuna, presha ipo sawa, damu ipo sawa, na badala ya moyo kutulia ndo hofu inazidi, maana limebaki wazo moja tu, uvimbe kwenye ubongo, afu usiku mtu anaingia Google na kila anachosoma kinamthibitishia.

Kama upo hapo ujue kwanza hujachanganyikiwa na wala huigizi, hisia ipo kweli. Mwaka 1960 daktari wa akili Raymond Prince aliandika kuhusu wanafunzi wa Nigeria waliokuwa wanahisi kichwa kinawaka na kitu kinatambaa ndani mpaka kusoma hawawezi, na Wayoruba wana jina lao kabisa la hali inayofanana na hiyo, ode ori, ambayo Makanjuola aliieleza kitabibu mwaka 1987. Ule mlipuko wa kuelekea usingizini nao daktari wa Marekani Silas Weir Mitchell aliueleza tangu 1876, unatisha sana lakini wenyewe hauna madhara. Na wasiwasi peke yake unatengeneza dalili za mwilini: ukiogopa unapumua haraka bila kujijua, hewa ya ukaa kwenye damu inashuka, mishipa ya damu ya ubongo inabana kidogo, ndo unapata kichwa chepesi na ganzi mdomoni na vidoleni, huku misuli ya shingo na taya imekaza na ngozi ya kichwa inavutika. Afu unaanza kuikagua hiyo hisia asubuhi mchana jioni, na hisia yoyote ukiikagua hivyo inakua.

Ila sijasema kila kitu kichwani ni wasiwasi, ndo maana tunaanza na hili.

Hali ambazo hazina cha kuchagua

Nenda hospitali leo, usisubiri kesho, kama kichwa kimeuma ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuipata ndani ya sekunde chache au dakika moja, kama uso umepinda upande mmoja au mkono au mguu umelegea au maneno hayatoki vizuri (hizo ni dalili za kiharusi na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatolewa ndani ya saa 4 na nusu, kwa hiyo kila dakika ina maana), kama una homa na shingo imekakamaa, umepata kifafa kwa mara ya kwanza ukubwani, umeanza kuona viwili viwili au macho yanapoteza nuru, umegonga kichwa, au unatapika na kuamka na maumivu yanayozidi kila siku. Mjamzito au aliyejifungua karibuni akiumwa kichwa sana na kuona vimulimuli, hiyo inaweza kuwa presha ya ujauzito, haraka sana. Mwenye VVU, mwenye saratani, anayekonda bila sababu, au aliyevuka miaka 50 na hii ni mara yake ya kwanza, hawa nao wasikae na Panadol nyumbani. Na kama hofu imefika pa kutaka kujidhuru, hiyo pia ni ya leo, mwambie mtu aliye karibu akupeleke.

Umesoma hizo na hakuna yako? Sawa, sasa una nafasi ya kuchagua.

Vigezo

Kila njia nitaiuliza maswali yale yale. Inajibu swali la ugonjwa? Hofu inakuwaje leo, na inakuwaje miezi mbele? Hela na upatikanaji vipi? Kipi kinaweza kuharibika? Na inamfaa nani? Hilo la hofu ya miezi mbele ndo watu wengi wanaliruka na mimi nalipa uzito kuliko yote, kwa sababu kitu kinaweza kukutuliza leo jioni kikakuacha pabaya zaidi baadae, na mtu mwenye hofu siku zote anachagua cha leo jioni.

1. Kupiga picha ya kichwa (CT scan au MRI)

Swali la ugonjwa: kwa uvimbe mkubwa, damu iliyovuja au maji kujaa kwenye ubongo, picha inajibu vizuri kuliko njia zote hapa. CT ni ya haraka na inaona damu vizuri, MRI inaona vitu vidogo na sehemu ya nyuma chini ya ubongo kwa uwazi zaidi. Ambacho picha haioni ni misuli iliyokaza, neva ya ngozi inayosumbua, usingizi mbovu na hofu, na hivyo ndo vinaleta hizi hisia mara nyingi. Kuna sehemu pia picha ina uzito wa kipekee, kwa mfano Mbulu na kwingineko ambako nguruwe wanaachiwa wazurure, minyoo ya tegu ikiingia kwenye ubongo inaleta kifafa kwa watu wazima, huko daktari akisema pigwa picha usimuone anakula hela yako.

Hofu: hapa kuna utafiti ambao natamani kila mwenye wasiwasi ausikie. Ulitoka London mwaka 2005, walichukua watu 150 wenye maumivu ya kichwa ya kila siku, nusu wakapewa nafasi ya MRI nusu hawakupewa. Baada ya miezi 3 waliopewa picha walikuwa na wasiwasi mdogo kuhusu ugonjwa mkubwa. Baada ya mwaka tofauti ikawa imeisha. Yani ule utulivu ulikuwepo kweli ila haukudumu. Lakini tuwe wa haki, wale waliokuwa na wasiwasi au sonona ya juu tangu mwanzo wakapewa picha, walipunguza kuzunguka kwa madaktari wengine mwaka ule, kwa hiyo kwao picha haikuwa hasara.

Hela: MRI ni ghali kuliko CT na mashine zipo kwenye miji mikubwa zaidi. Uliza kabla kama bima yako inahitaji kibali, watu wanafika asubuhi na mapema bila kula wanarudishwa kwa sababu ya karatasi moja.

Kinachoweza kuharibika: CT ya kichwa ina mionzi, ni kiasi kinachokaribia ile unayoipata kwa mazingira tu ndani ya mwaka, si ya kukuogopesha mara moja ila si ya kurudia kila ukishtuka. MRI haina mionzi hiyo. Kubwa zaidi ni kukuta kitu ambacho hukukitafuta. Huko Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2007 walitoa matokeo ya MRI za watu 2,000 wa kawaida mtaani wenye umri kuanzia miaka 45 hivi, wakakuta 1.8% wana mshipa wa damu uliovimba kama puto, 1.6% wana uvimbe usio wa saratani, na 7.2% wana makovu ya kiharusi ambacho hawakuwahi kujua wamekipata. Wengi wa hao wangeishi bila kusumbuliwa. Sasa wewe mwenye hofu ukipewa karatasi iliyoandikwa kitu cha hivyo, hata daktari akisema hakina shida, utalala?

Anayefaa: mwenye dalili za pale juu, mwenye kitu kilichobadilika au kinachozidi, au ambaye daktari amemkagua akaona kitu kimoja hakiko sawa. Pia yule ambaye amekubaliana na daktari kabla kwamba picha ikiwa safi, upande wa kutafuta uvimbe unafungwa.

2. Daktari mmoja na kusubiri kwa utaratibu

Hii inadharauliwa, watu wanaona kama wameambiwa "nenda nyumbani", na mimi naona ndo njia inayonyimwa heshima yake kuliko zote.

Swali la ugonjwa: inajibu kwa sehemu kubwa kuliko unavyodhani. Daktari akikusikiliza vizuri, akaangalia nyuma ya jicho kwa ile tochi yake (presha ndani ya fuvu ikipanda kuna alama inaonekana pale), akapima nguvu za mikono na miguu, akagonga magoti kwa kinyundo, akakutembeza kwenye mstari ulionyooka, na vyote vikawa sawa, hapo uwezekano wa kitu kikubwa umeshuka sana hata kabla ya mashine. Afu muda wenyewe ni kipimo, kwa sababu uvimbe unaokua hautulii miezi ukabaki vile vile ukaja ukiwa na stresi na kupotea ukiwa kwenye harusi unacheza. Njia hii pia ndo inakamata vitu vya kawaida ambavyo picha itavipita, upungufu wa damu, tezi ya shingo (thyroid) isiyofanya kazi sawa, miwani iliyopitwa na wakati, kusaga meno usiku, shingo iliyoinama kwenye simu, nywele zilizosukwa kwa kuvutwa mno, na dawa za maumivu zenyewe, maana ukimeza Panadol au diklofenaki siku 15 na zaidi kwa mwezi kwa miezi mitatu hivi kichwa kinaweza kuanza kuuma kwa sababu ya hizo dawa, na zile zenye dawa mbili au zaidi ndani ya kidonge kimoja ni siku 10 tu.

Namna ya kuifanya: omba tarehe ya kurudi, tuseme kila baada ya wiki 4 mpaka 6, urudi hata ukiwa mzima na usikimbilie kule kila hisia ikija (isipokuwa zile za hatari). Andika daftari mara moja kwa siku, jioni, mistari miwili, umelala saa ngapi, umekula saa ngapi, maji, chai ya rangi na kahawa, siku ilikuwaje, kichwa kilikuwaje kati ya 0 na 10. Mara moja tu, ukiandika kila saa limegeuka kuwa kujikagua.

Hofu: leo jioni haikutulizi sana, niseme ukweli, wiki za mwanzo ni ngumu. Miezi mbele inasaidia kwa sababu unajifunza mwenyewe kwamba hisia ilikuja ikaondoka bila wewe kufanya lolote.

Hela ni ndogo, ada ya kumuona daktari na vipimo viwili vitatu vya damu. Ugumu upo kumpata yule yule kila ukirudi, hospitali za umma mara nyingi unakutana na sura mpya, kwa hiyo weka karatasi zako zote kwenye faili moja na umuonyeshe anayefuata badala ya kuanza upya.

Kinachoharibika ni pale kusubiri kunapogeuka kutelekezwa, yani hujakaguliwa hata kidogo, umeandikiwa dawa ya typhoid kwa mara nyingine na umetolewa mlangoni. Hiyo siyo njia hii.

Anayefaa: hisia imeanza karibuni, huna alama ya hatari, na una mtu wa afya unayemwamini hata kama ni kliniki opisa wa kituo cha jirani.

3. Ushauri nasaha wa kubadili fikra na tabia (CBT)

Swali la ugonjwa: haijibu, na haijaribu. Ndo maana inakuja baada ya kukaguliwa. Inashughulika na hofu yenyewe na vile vitu unavyovifanya kwa ajili ya hofu.

Hofu: miezi mbele, hii ndo ina ushahidi ninaouona mzuri zaidi. Uingereza walifanya jaribio kwa wagonjwa 444 waliokuwa kwenye kliniki za hospitali, zikiwemo za moyo, tumbo na mishipa ya fahamu, wenye hofu kubwa ya ugonjwa, likaongozwa na Peter Tyrer na kutoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2014. Wakapewa vikao 5 mpaka 10 tu. Baada ya mwaka waliorudi kwenye kiwango cha kawaida cha wasiwasi walikuwa 14% kwa waliopata vikao na 7% kwa wasiopata, na tofauti iliendelea kuonekana hata miaka 5 baadae. Angalia zote mbili, faida ipo na inadumu, lakini 14% si kila mtu, kwa hiyo usiende ukitegemea muujiza wa kikao cha pili. Na kitu kinachonipa moyo kwa upande wetu, vikao vile havikuhitaji maprofesa, manesi waliofundishwa walifanya vizuri sana.

Vikaoni kunafanyika nini? Mnaorodhesha kila unachofanya kutafuta uhakika, kugusa utosi, kujipima presha mara nne kwa siku, kujiangalia macho kwenye kioo, kumuuliza mke "unaona uso wangu upo sawa?", kusoma mtandaoni, kwenda maabara, afu mnavipunguza kimoja kimoja kwa mpango. Mnaandika maelezo yote yanayowezekana ya hisia, siyo lile moja la kutisha. Kuna jaribio dogo unaweza kulifanya sasa hivi, weka akili yako yote kwenye unyayo wa kushoto kwa dakika mbili, utakuta kuna joto, kuwashwa, mapigo, vitu ambavyo vilikuwa havipo dakika mbili zilizopita, na mguu wako hauumwi chochote. Sasa kichwa umekiwekea akili hivyo wiki ngapi?

Hela na upatikanaji: hapa ndo shida. Wataalamu wachache, wengi wapo mjini, na kwa binafsi kila kikao ni hela. Anza kuuliza idara ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa iliyo karibu, Tanzania Muhimbili ipo, Mirembe Dodoma ipo, Kenya kuna Mathari Nairobi, na usione aibu ya jina la geti. Vikao vya simu vimesaidia wengi pia, na vinaweza kukufaa hata wewe uliyepo Muscat au Minneapolis unayetaka kuongea Kiswahili.

Kinachoharibika: unaweza kuchoka njiani kwa sababu mwanzoni hofu inapanda pale unapoacha kujikagua. Na ukimpata mshauri anayekwambia tu "usiwaze sana", hiyo siyo CBT, tafuta mwingine.

Anayefaa: umekaguliwa zaidi ya mara moja, kila mtu kasema upo sawa, utulivu unadumu siku mbili afu unahamia ugonjwa mwingine.

4. Dawa

Nazungumzia zile zinazoandikwa na daktari, kundi la SSRI (dawa za sonona na wasiwasi) kama fluoxetine na sertraline, au amitriptyline ya dozi ndogo usiku ambayo inatumika pia kwa kichwa kinachobana kila siku.

Swali la ugonjwa haijibu. Hofu leo haitulii, SSRI inachukua wiki 2 mpaka 6, na wiki za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu, kichwa kuuma na kutotulia, yani kwa mtu wa hofu ya kichwa hiyo ni mitihani, mwambie daktari mapema ili mwanzo uwe dozi ndogo. Miezi mbele inasaidia wengi, hasa kama wasiwasi umekuja na sonona, huli, hulali, kazini huendi. Hela siyo kubwa kwa za kawaida, fluoxetine ipo hata kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO.

Hatari mbili nizitaje kwa sauti. Usiache ghafla, maana kuacha ghafla kunaleta shoti za umeme kichwani, kizunguzungu na kukosa usingizi, na utadhani ugonjwa ndo umefika kumbe ni dawa imekatwa. Pili diazepam, ndiyo ile Valium ya duka la dawa, inatuliza ndani ya saa moja na ndo ubaya wake, ndani ya wiki chache mwili unaizoea na unaidai. Vijana chini ya miaka 25 wanaoanza SSRI waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo kwa sababu mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka, na mjamzito au anayetumia tramadol (dawa kali ya maumivu) amwambie daktari kabla.

Anayefaa: ambaye hofu imemzima maisha kiasi kwamba hata vikao hawezi kukaa, au vikao hakuna anapoishi.

Na maombi, kisomo, miti shamba?

Wengi wetu tunaanzia hapo na sioni sababu ya kumkataza mtu kuombewa au kusomewa. Inakutoa peke yako chumbani, inapunguza hofu ya usiku, haina gharama kubwa kama inafanywa na mtu mwaminifu. Ugonjwa haiwezi kuukagua. Inaharibika pale unapoambiwa kuna mtu amekutupia kitu, maana sasa una hofu mbili, ya uvimbe na ya shangazi yako, au unapoambiwa uache ARV, dawa ya presha au ya kifafa. Hapo ondoka.

Uende wapi sasa

Kama imeanza ndani ya wiki chache na hujakaguliwa na mtu yeyote, anza na namba 2, picha itafuata kama daktari ataona sababu. Kama umekaguliwa na hisia inazidi au kuna jipya limeongezeka, rudi uongelee picha bila kuogopa kuonekana msumbufu.

Picha unayo tayari, ipo safi, na unataka nyingine kwa sababu labda waliruka kitu? Hela hiyo ya picha ya pili ipeleke kwenye vikao, isipokuwa dalili zimebadilika kweli.

Huna mshauri karibu wala hela, fanya namba 2 na uchukue kitu kimoja cha namba 3, mfano Google ya magonjwa inaisha saa 12 jioni, wiki inayofuata presha unapima mara moja kwa siku, inayofuata unaacha kumuuliza mwenzio. Hulali kabisa na kazi imeanza kuharibika, ongea na daktari kuhusu namba 4 pamoja na namba 3, zinaenda pamoja vizuri.

Na kama anayeteseka ni mkeo, mumeo au mdogo wako na wewe ndo unaulizwa mara kumi kwa siku, kaeni siku ametulia mkubaliane jibu moja, kitu kama "najua unaogopa, tarehe ya daktari ni Alhamisi, twende tukatembee," na ukiulizwa tena toa hilo hilo, kwa upole, afu mshike mkono mtoke nje kweli.